Mbwa wa Novemba

Kwa miaka kumi na tisa Gladwell Watiri hakuruhusu picha itoke kwenye studio yake kabla mwenyewe hajaitazama na kusema, "Ndiyo, ni mimi." Asiyeweza kungoja alirudi siku nyingine. Aliyekuwa mbali alitumiwa picha kwa simu, akajibu, ndipo ikatoka. Hata picha za pasipoti, ambazo mtu huzitazama mara moja na kusikitika, hazikukatwa mpaka mteja ainame juu ya meza na kukubali kwamba uso ule ni wake.

Kanuni hiyo hakuitunga yeye. Aliachiwa na Mzee Wamae, aliyemfundisha kazi katika chumba chembamba karibu na soko la chini mjini Nyeri. Wamae, alipokuwa bado kijana, aliwahi kupiga picha ya bibi harusi, akaipenda, akaitundika dirishani bila kumwuliza mtu. Ndoa ile ilivunjika kabla ya mwezi kwisha. Siku moja msichana alipita na mama yake wakienda kununua viazi, akajiona kwenye kioo, amevaa shela, anacheka. Alisimama pale mpaka mama yake akamshika mkono. Wamae aliitoa picha jioni hiyohiyo, lakini alikuwa amechelewa kwa siku nzima.

"Uso wa mtu ni kama shamba lake," alimwambia Gladwell. "Huingii kwa sababu umekuta lango liko wazi."

Wamae alipofariki, Gladwell alibaki na studio, na kamera mbili, na maneno hayo.

Mbwa waliingia katika maisha yake kwa sababu ya shida. Mapenzi yalikuja baadaye. Simu zilipokuwa na kamera nzuri, watu wakaacha studio. Ikipita wiki ameuza picha sita za pasipoti, alihesabu kwamba ni wiki njema. Ndipo alipoingia mwanamume mmoja kutoka kwenye ranchi iliyo mbele ya Nanyuki, amembeba mbwa mzee asiyeona. Daktari alikuwa amesema mbwa huyo hamalizi mwezi. Mwenyewe alitaka picha moja nzuri, basi.

Gladwell alijaribu kumkalisha juu ya kigoda cha picha za kitambulisho, mbwa akakataa. Akamwacha alale sakafuni. Kisha naye akalala kifudifudi kwenye saruji, akiwa na sketi yake ya kazi, akasubiri. Mbwa alipoinua pua kunusa harufu ya soko, akabonyeza.

Picha ilipochapishwa, alimwita yule mwanamume mezani kama alivyowaita wateja wote. "Ni yeye?"

Mwanamume aliinama juu ya meza. "Ndiyo," alisema. "Ni yeye." Akageukia ukuta, akatafuta kitambaa.

Kuanzia siku hiyo kanuni ilipanuka. Mbwa hawezi kujisemea, basi mwenyewe amsemee. Habari zilienea kwa watu wa ranchi, kwa wenye hoteli, kwa askari wastaafu waliofuga mbwa wakubwa kule Nanyuki, mpaka kwa mwalimu mkuu mmoja wa Kerugoya aliyekuja na vibwa vitatu ndani ya kikapu cha sokoni. Gladwell alijifunza kutembea na vipande vya maini ya kuchemsha mfukoni. Alijifunza pia kwamba mbwa hamtazami anayemwita kwa nguvu. Humtazama aliyenyamaza.

Kanisani walimcheka, kama ilivyo ada.

"Mama Kinuthia," Magdaline wa kwaya alimuuliza baada ya ibada, "ati siku hizi unalala chini mbele ya mbwa?"

"Nalala. Yeye hawezi kusimama anifikie."

"Na wanalipa?"

"Wanalipa kuliko ulivyonilipa harusi ya binti yako."

"Basi tuite sisi pia," Magdaline akasema. "Nitabweka hata bila maini."

Gladwell alicheka nao. Hakuona aibu. Kazi halali haina aibu, na aliyekula kwa jasho la kazi hiyo hana haja ya kuitetea. Kilichomsumbua kilikuwa kitu kingine. Mbwa waliomlipia karo ya mwanawe Kinuthia walikuwa na vitanda na majina mawili mawili. Mbwa wa watu wake mwenyewe, wale wa vijiji vya juu, walifungwa mchana na kufunguliwa usiku, wakala maji ya ugali, wakafa kwa maradhi ambayo sindano moja ingeyazuia. Aliona kwamba ana deni, ingawa hakuna aliyemdai.

Kwa hiyo Daktari Jesse Mbae alipokuja na ombi lake, hakuhitaji kumbembeleza. Mbae alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa Meru aliyehamia Nanyuki, mpole, mwenye mikono iliyojaa makovu ya meno. Kila mwaka alipanda vijijini na kijisanduku cha barafu, akachanja mbwa bure dhidi ya kichaa cha mbwa. Mwaka huo wafadhili wake walikuwa wamejitoa. Alikuwa amevihesabu vijiji, na kijiji kilichomtia wasiwasi kuliko vyote kilikuwa Gathima, juu ya Naromoru, mahali ambapo mashamba yanapakana na msitu na fisi huja mpaka kwenye mazizi. Gathima ilikuwa na mbwa mia mbili na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amechanjwa kwa miaka mitatu.

"Kichaa kikiingia pale," Mbae alisema, "kitapita nyumba kwa nyumba kama mtu anayegawa barua."

Wakakubaliana kutengeneza kalenda ya mbwa kumi na wawili. Gladwell apige picha bila malipo, na mauzo yote yanunue chanjo. Kazi ya kuchapisha na kuuza ilichukuliwa na Lynn Ntinyari, meneja kijana wa hoteli moja ya Nanyuki, msichana mwepesi, mwenye bidii, aliyezoea kupata anachokitaka kabla ya chakula cha mchana.

Kufikia Septemba picha kumi na moja zilikuwa tayari, na wenyewe wote walikuwa wameziona na kukubali. Lynn alizipanga kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Anti, zote ni nzuri. Hapo ndipo shida iko. Hii kalenda inacheka kutoka Januari mpaka Desemba. Mtu akicheka hatoi pesa. Tafuta mmoja wa kuliza watu."

Gladwell hakuyapenda maneno hayo, lakini hayakuwa uongo. Jumamosi iliyofuata alipanda Gathima pamoja na Mbae.

Nyumba ya tatu waliyofika ilikuwa ya Mzee Theuri. Huyu alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao maisha yake yote, na msumeno ulikuwa umemchukua vidole viwili vya mkono wa kulia. Alikuwa mjane, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Mbwa wake aliitwa Bosi. Bosi alikuwa na upele kutoka masikioni mpaka mkiani, na Theuri alikuwa amempaka dawa ambayo kila mtu wa milimani anaijua: oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya trekta. Mbwa alikuwa mweusi, anang'aa, hana manyoya, ngozi imekunjamana kama kiatu kilicholoa. Ukimwona bila kuambiwa, ungesema ametolewa motoni.

"Nilitembea mpaka Naromoru kutafuta hiyo oili," Theuri alisema. "Nimempaka mara tatu. Usiku analia, mimi naamka nampaka tena."

Mbae alichuchumaa. Hakumkemea. "Baba, ulifanya kwa moyo mzuri. Lakini hiyo oili inaingia ndani ya damu. Ndiyo inamliza usiku, si upele."

Mkono wa vidole vitatu wa mzee ulikuwa umeishika kamba ya Bosi, karibu kabisa na shingo, ili mbwa asiruke akidungwa. Kulikuwa na mwanga mzuri. Gladwell aliinua kamera kupima mwanga huo, akabonyeza mara moja.

Theuri alisikia mlio. "Usitupige hivi, mama. Angalia vile tuko. Kwanza mbwa yangu apone. Mimi niko na koti ndani, ya harusi ya kijana wangu. Rudi wiki tatu, nywele ikiota, utatupiga wote wawili."

"Sawa, Mzee. Nitarudi Jumamosi ya tatu."

"Jumamosi ya tatu," Theuri alirudia, na akampa mayai manne yaliyofungwa ndani ya gazeti.

Kama Gladwell angefuta picha ile palepale, hadithi ingeishia hapo. Hakuifuta. Haikuwa kwa nia mbaya. Mpiga picha hafuti picha za kupimia mwanga mpaka afike nyumbani, na alipofika nyumbani alikuwa amechoka.

Siku tisa baadaye Lynn alikuja Nyeri na kompyuta. Mpiga chapa alitaka kurasa zote kesho yake asubuhi; baada ya hapo mashine zake zilikuwa zimeahidiwa watu wa vitabu vya shule mpaka Desemba. Ukurasa wa Novemba ulikuwa mtupu. Lynn akawa anapitia picha za Gathima, akasimama.

"Huyu," alisema kwa sauti ya chini. "Anti, mbona ulimficha huyu?"

Gladwell aliitazama. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga, na alilijua hilo. Macho ya Bosi yalikuwa yameinuliwa moja kwa moja kwenye lenzi. Ule mkono mgumu ulikuwa umeikaza kamba shingoni. Ilionekana kama picha ya mateso, ilhali ilikuwa picha ya mzee anayemtuliza mbwa wake.

"Huyo mwenyewe hajaiona. Na alinikataza."

"Mpigie."

Alipiga. Simu ya Theuri ilikuwa imezimwa. Gathima umeme hukatika siku mbili, tatu.

"Utampigia tena jioni," Lynn alisema. "Kwani uso wake uko hapa? Ni mkono tu. Na ni mbwa, Anti. Mbwa hashtaki mtu. Fikiria ni mbwa wangapi watachanjwa kwa hii picha moja. Hata wake."

Hoja hiyo ndiyo iliyomwangusha. Ubaya unaokuja umevaa nguo za ubaya hutambuliwa na kila mtu, na Gladwell angeufukuza mlangoni. Huu ulikuja umeshika sindano ya chanjo. Akasema, "Haya, ichukue." Jioni alikuwa na wateja wawili wa vitambulisho, hakupiga simu. Kalenda ilipotoka, chini ya picha ya Novemba palikuwa na maneno ambayo si yeye aliyeyaandika: *Wengine hawana anayewapenda.* Aliyasoma. Kalenda elfu moja zilikuwa tayari zimefungwa kwenye maboksi. Akafunga mdomo naye.

Jumamosi ya tatu ilimpata akiuza kalenda kwenye maonyesho ya farasi Nanyuki. Hakukumbuka siku hiyo ilikuwa imeahidiwa nani.

Ziliuzwa kuliko walivyoota. Picha ya Novemba ilipita kwenye simu za watu kama moto wa nyasi kavu, na wageni kutoka mbali wakatuma michango huku wakimlaani mwenye mkono ule. Kufikia Januari Mbae alikuwa na chanjo za kutosha vijiji vitano. Waliamua kuanza na Gathima.

Walipanga meza kwenye uwanja wa shule saa mbili asubuhi. Chifu alikuwa ametangaza kanisani mara mbili. Walipeleka dozi mia mbili na ishirini. Saa tatu hakukuwa na mtu. Saa nne walikuja watoto wawili bila mbwa, wakasimama mbali, wakatazama, wakaondoka. Saa tano Mbae alifunika kijisanduku cha barafu kwa koti lake ili jua lisikichome.

Mwanamke mmoja alipita njiani na mzigo wa nyasi za ng'ombe. Gladwell alimtambua: Beth, jirani wa Theuri.

"Mama, hamna mbwa huku leo?"

"Tuko nao wengi." Beth hakutua mzigo. "Lakini mkidunga mbwa sindano, sisi mnatuuza kwa kalenda."

Gladwell alimsogelea njiani.

"Hukujua? Iko kwa duka la dawa za mifugo huko Naromoru, imetundikwa juu ya mizani. Kila mtu anajua huo mkono. Watoto wanamwita Novemba. 'Novemba amepita. Novemba anaenda kanisa.' Msichana wake alipiga simu kutoka Nairobi akimgombeza, ati amewaaibisha mbele ya watu wa kazi. Amejiuzulu uzee wa kanisa. Mtu ambaye alikuwa analala na huyo mbwa jikoni akimpulizia vidonda." Beth alisogeza kamba ya mzigo kwenye paji lake. "Sasa nani atawaletea mbwa mwenye upele? Si utamweka kwa mwezi wa Desemba."

Gladwell aliacha kamera juu ya meza, akaenda kwa Theuri kwa miguu.

Bosi ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa amepona. Manyoya ya rangi ya chai yalikuwa yamejaa mgongo mzima, na alimkimbilia, akachomeka pua kwenye mfuko wa maini. Theuri alikuwa akipasua kuni nyuma ya nyumba. Hakuacha kupasua.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha."

"Mm."

"Nilipiga simu ikawa imezimwa."

"Stima ilikuwa imepotea. Ilirudi siku ya pili." Aliweka gogo lingine. "Mimi nilikaa hapa hiyo Jumamosi. Nilivaa koti saa nne. Nilimwosha Bosi na sabuni. Saa kumi nikavua."

Gladwell aliahidi kwamba atakusanya kalenda zote atakazoziona na kuwaandikia waliochangia. Alisema atasimama kanisani, atasimama kwenye baraza la chifu, aeleze mkono ule ulikuwa unafanya nini. Akasema hata sasa angeweza kuwapiga picha, yeye na Bosi, watu waone.

"Hapana," Theuri alisema. "Nikipigwa sasa, nitakuwa najitetea. Mimi sikukosa." Akafuta jasho. "Mama, mimi sikasiriki kwa sababu ya picha. Picha ni kweli. Mbwa yangu alikuwa hivyo, na oili niliweka mimi. Lakini wewe ulifika hapa. Ulijua ni nani anampenda. Wakaandika hana mtu, na wewe ukanyamaza."

Gladwell akasema lile lililobaki. "Mzee, kule uwanjani kuna dozi mia mbili. Zikirudi nasi jioni hii zitaenda vijiji vingine, na sijui lini tutapata za Gathima tena. Watu wanakungoja wewe. Ukiwaambia waje, watakuja."

Theuri alitazama upande wa msitu. Alikuwa mtu wa haki, na haki hiyo ilimkata pande zote mbili.

"Siwezi kuwaita," alisema. "Nikiwaita, nitakuwa nimesema mliyofanya si kitu. Na siwazuii. Kila mtu ana kichwa chake." Akaweka shoka chini, akachukua kamba msumarini. "Lakini Bosi hakukosana na mtu."

Akateremka naye, katikati ya kijiji, mchana, bila kumsalimia yeyote. Watu walitoka kwenye malango kutazama. Alimshikia Bosi akadungwa, akapokea cheti, akakikunja mara mbili na kukitia mfuko wa shati, akarudi nyumbani. Nyuma yake walikuja watu kumi na mmoja, kila mmoja na mbwa wake. Wengine walibaki malangoni. Saa kumi Mbae alifunga kijisanduku, na kwa kuwa chanjo haingojei watu wapatane, ikaenda vijiji vingine.

Gladwell alitimiza aliyoahidi. Alisimama kwenye baraza la chifu na kusema jina lake na kosa lake mbele ya watu waliokunja mikono. Alizunguka maduka ya Naromoru, Kiganjo na Nanyuki akinunua kalenda na kung'oa Novemba. Aliandika maelezo, na Lynn, kwa heshima yake, akayatuma kwa wote waliochangia; wachache walijibu. Lynn alilia, akaomba msamaha, na mwaka uliofuata akatafuta mpiga picha mwingine. Kinuthia alimwambia mama yake kwamba amejitesa vya kutosha kwa jambo ambalo kila siku watu hufanya kwenye simu zao. Alimjibu kwamba wingi wa wakosaji haujawahi kufanya kosa kuwa dogo.

Alifikiri sana, miezi ile, juu ya jambo moja. Alikuwa ameichukulia kanuni ya Wamae kama adabu kwa wateja, kitu cha kumfanya mtu aridhike na pesa yake. Hakuwa ameelewa kwamba ilikuwepo kwa ajili ya siku ile hasa ambayo angekuwa na sababu nzuri ya kuivunja. Siku za kawaida hazihitaji kanuni. Mtu hutenda haki siku hizo bila hata kujua.

Bado anapiga picha za mbwa. Bado anauliza, "Ni yeye?" Wateja wengine humwona mwanamke mgumu, na amekosa kazi mbili kubwa kwa sababu hakukubali kutuma picha kabla mwenye mbwa hajarudi safari.

Kichaa kiliingia Gathima mwezi wa Juni, kutoka msituni, kama Mbae alivyoogopa. Watu sita waliumwa na mbwa, wakiwemo watoto wawili wa Beth. Wote walidungwa sindano hospitalini na wakapona. Ng'ombe watatu walikufa. Watu wa kijiji, kwa hofu, waliwaua mbwa wote wasio na cheti, mia moja na tisini na wanne, kwa muda wa siku nne. Mbwa kumi na wawili walibaki.